Mwanao akiaga kwenda kujitolea ugenini, muulize maswali haya matatu

Na Mwandishi Wetu

Ilikuwa Jumapili jioni, tuko mezani. Binti yangu alimaliza shahada ya kilimo mwaka juzi, na tangu hapo kazi yake ilikuwa kuandika barua za maombi na kusubiri majibu yasiyokuja. Siku hiyo alisogeza sahani pembeni, akaweka simu katikati ya meza.

"Baba, Mama, nimekubaliwa."

Tulipiga vigelegele kabla ya kuuliza ni wapi. Baba yake ndiye aliyeuliza kwanza.

"Si ajira, Baba. Ni kujitolea. Wiki sita, kijijini, huko Asia. Tutapanda miti, tutapaka rangi shule na kufundisha watoto Kiingereza. Mradi wa maendeleo endelevu."

Baba yake akachukua simu, akavaa miwani, akasoma barua hadi mwisho. Mwishoni ndipo palipokuwa na habari yenyewe: mshiriki atalipa dola 1,800 za "gharama za programu", na tiketi ya ndege atajitegemea.

"Yaani tumlipe mtu," alisema taratibu, "ili mtoto wetu akafanye kazi?"

Binti akanigeukia mimi. Nilijua anategemea nimtetee, maana mimi ndiye ninayewaambia watoto kila siku wasikae wakisubiri. Lakini nilinyamaza. Akilini mwangu nililiona tangi la maji lenye ufa, pale shuleni kijijini kwetu, kwenye milima ya Upare.

"Kabla ya kujibu barua hiyo," nikamwambia, "nenda Same ukamwage bibi yako."

Ninaandika makala haya kwa sababu najua si nyumba yangu peke yake. Vijana wetu wanaona matangazo haya kwenye simu kila siku, na wazazi tunabaki njia panda. Ukikataa, pengine umemfungia mtoto mlango. Ukikubali, pengine umemtoa kwa watu usiowajua, na labda umemtuma kwenda kuwasumbua watu wa kijiji cha wenzetu.

Wageni wa kijijini kwetu

Sisi tuliokulia vijijini tunawafahamu wanaojitolea kwa upande wa pili. Sisi ndio tuliokuwa "mradi".

Nilipokuwa sekondari, miaka ya tisini, shule yetu ya wazazi ilipata mwalimu wa hisabati kijana kutoka ng'ambo. Alikaa miaka miwili. Nyumba yake ilikuwa jirani na yetu, na miezi ya kwanza mama yangu alimpikia kwa kuwa hakujua hata kuwasha jiko la kuni. Alijifunza Kiswahili, kisha Kipare kidogo. Siku moja alikuja mlangoni kwetu kuomba chumvi kwa Kipare. Mama alicheka hadi akakaa chini, na tangu siku ile akamhesabu kuwa mtoto wake.

Hakujenga kitu chochote. Alifundisha tu, na jioni alikaa na mwalimu wetu mmoja kijana wakipanga masomo pamoja. Alipoondoka tulilia, lakini somo halikufa. Yule mwalimu kijana aliendelea kulifundisha hadi alipostaafu.

Miaka mingi baadaye, mwaka 2011, likaja kundi jingine. Vijana kumi na sita, wiki mbili. Walikuwa na moyo mzuri, hilo hakuna anayelikataa. Walipaka madarasa rangi na kujenga tangi la kuvunia maji ya mvua. Fundi wetu wa kijiji, aliyejenga nusu ya nyumba unazoziona kule, alipewa kazi ya kubeba maji na kuchanganya mchanga. Alipojaribu kusema kwamba zege linahitaji kumwagiliwa kwa siku kadhaa kabla ya kubebeshwa uzito, aliambiwa hakuna muda, safari ya kurudi ni Jumamosi.

Zege halijui ndege inaondoka lini. Masika ya pili tangi lilipasuka. Bomba lake lilikuwa la aina isiyopatikana Same mjini wala Moshi. Mpaka leo linasimama pale, ndani yake wanafunzi wanahifadhi majembe na mafagio.

Chini ya shule hiyo hiyo kuna ndiva. Kwa asiyejua, ndiva ni bwawa dogo la jadi la Wapare: maji ya chemchemi hujikusanya usiku, asubuhi hufunguliwa na kwenda mashambani kwa zamu. Hakuna mtu aliye hai kijijini anayekumbuka ndiva yetu ilichimbwa lini. Bado inashika maji, kwa sababu tope likijaa, watu huitwa kwenye msaragambo, kila kaya inatoa mtu na jembe, na kazi inakwisha.

Nchi yetu haikuanza kujifunza kujitolea kutoka kwa wageni. Msaragambo ni kujitolea. Tofauti ni kwamba anayechimba ndiye atakayekunywa, na kesho ikiharibika ni yeye atakayeitwa tena.

Safari ndefu ya kujitolea

Habari ya vijana kuvuka mipaka kwenda kufanya kazi vijijini ina zaidi ya miaka sitini. Shirika la VSO la Uingereza lilianza mwaka 1958. Marekani ilianzisha Peace Corps mwaka 1961, na Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa kupokea watu wake, pamoja na Ghana. Waliofika kwetu mwaka huo, kabla hata bendera ya Uhuru haijapanda, walikuwa wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia waliokuja kusaidia kazi ya barabara. Japani ilianza mpango wake mwaka 1965, Umoja wa Mataifa ukaunda UNV mwaka 1970, na mwaka 2008 Ujerumani ikaanzisha weltwärts kwa ajili ya vijana wa miaka 18 hadi 28.

Kwa muda mrefu njia ilikuwa ya upande mmoja: wao kuja, sisi kupokea. Sasa inabadilika. Umoja wa Afrika ulizindua mpango wake wa vijana wa kujitolea mwaka 2010, ambao humpeleka kijana wa miaka 18 hadi 35 kufanya kazi katika nchi nyingine ya Afrika. Weltwärts nayo, tangu mwaka 2013, inapokea vijana kutoka nchi zetu kwenda kujitolea Ujerumani. Kwa hiyo mtoto wako akisema anataka kwenda, haoti ndoto za mchana. Njia zipo.

Lakini maswali nayo yapo tangu zamani. Mwaka 1968 padri na mwanafalsafa Ivan Illich alisimama Mexico mbele ya wanafunzi wa Kimarekani waliokuwa wanajiandaa kwenda kujitolea vijijini, akawaambia wazi kwamba nia yao njema haitoshi na kwamba ingekuwa afadhali wasiende. Walioalikwa kusikiliza nasaha wakapewa kibao.

Na Machi 2020, korona ilipoingia, Peace Corps iliwarudisha nyumbani watu wake wote duniani, karibu 7,000 kutoka nchi zaidi ya 60, ndani ya siku chache. Walimu waliaga shule katikati ya muhula. Kwa kila kijiji kilichokuwa na mgeni, siku ile ilikuwa mtihani: kazi aliyoifanya ilikuwa imeshikwa na nani mwingine?

Kwa bibi, Upare

Binti yangu alipanda basi hadi Same, kisha gari la mlimani. Alinisimulia baadaye. Bibi yake alimkaribisha chai ya tangawizi, tangawizi ya shambani kwake, akamsikiliza mwanzo hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha akamuuliza mambo matatu tu.

"Nani amekuita? Unajua kufanya nini? Ukiondoka, anabaki nani?"

Binti hakuwa na jibu hata moja. Alirudi Dar akiwa kimya, na kwa wiki nzima sikumuuliza kitu. Lakini nilianza kuyachunguza maswali yale, na kadiri nilivyosoma, ndivyo nilivyoona mama yangu, aliyeishia darasa la nne, ameyagusa mambo ambayo mashirika makubwa yamejifunza kwa hasara.

Nani amekuita?

Swali hili linauliza kama kuna watu wa kijiji waliokaa wakasema: tunahitaji kitu fulani, tutafutieni mtu. Barua ya binti yangu haikutaja kikundi, kamati wala mkulima. Ilitaja tarehe, bei na mandhari.

Kuna kisa kinachojulikana cha pampu za bembea, ambazo kwa Kiingereza ziliitwa PlayPump. Hazikuwa kazi ya vijana wa kujitolea, lakini fundisho lake ni lile lile. Zilibuniwa Afrika Kusini: watoto wanazungusha bembea, na mzunguko ule unavuta maji kutoka kisimani kwenda kwenye tangi la juu. Wazo tamu. Mwaka 2006 ilitangazwa Marekani ahadi ya dola milioni 16.4 kuzisambaza katika nchi kadhaa za Afrika. Kila moja iligharimu karibu mara nne ya pampu za kawaida.

Watoto walipochoka kucheza, waliobaki kulisukuma lile gurudumu ni akina mama. Baadhi ya vijiji vilikuwa na pampu za mkono zilizofanya kazi vizuri, zikang'olewa kupisha mpya. Gazeti la The Guardian la Uingereza lilipiga hesabu mwaka 2009: ili pampu moja itoshe watu 2,500 kama ilivyotangazwa, watoto wangepaswa kucheza saa 27 kwa siku. Mama yeyote anayechota maji angewaambia hilo asubuhi ya kwanza, kama angeulizwa.

Unajua kufanya nini?

Mwaka 2014 mwandishi wa Kimarekani Pippa Biddle aliandika juu ya safari yake ya kujitolea hapa kwetu Tanzania alipokuwa mwanafunzi wa sekondari. Yeye na wenzake walikuja kujenga maktaba katika kituo cha watoto. Mchana walijenga ukuta. Usiku, wao wakiwa wamelala, mafundi wa hapa waliubomoa na kuujenga upya, kwa sababu matofali yalipangwa vibaya. Asubuhi wageni waliamka wakaendelea bila kujua. Alisema mwenyewe kwamba fedha zile zingetumika vizuri zaidi kumlipa fundi.

Mzazi, jiulize: je, ungemruhusu mwanao, kwa ujuzi alionao leo, ajenge choo cha nyumba yako? Afundishe darasa la mwanao wa mwisho bila kuwa mwalimu? Kama jibu ni hapana, basi na mzazi wa kijiji cha ugenini ana haki ya jibu hilo hilo.

Hii haina maana kwamba kijana lazima awe daktari. Maana yake ni kwamba ajue kitu kimoja vizuri, hata kiwe kidogo, na kiwe kile kinachotakiwa.

Ukiondoka, anabaki nani?

Hapa ndipo miradi mingi inapofia. Mwaka 2009 mtandao wa wataalamu wa maji vijijini, RWSN, ulikadiria kwamba zaidi ya theluthi moja ya pampu za mkono katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa hazifanyi kazi. Nyingi hazikukosa mjengaji. Zilikosa spea, fundi wa jirani na mfuko wa kuchangia matengenezo.

Mfano wa kinyume chake ni Barefoot College, chuo kilichoanzishwa mwaka 1972 na Bunker Roy katika kijiji cha Tilonia, Rajasthan, India. Kwa miaka mingi chuo hicho kimewachukua wanawake wa vijijini kutoka nchi mbalimbali, Tanzania ikiwemo, na kuwafundisha kwa miezi sita kuunganisha na kutengeneza mitambo ya umeme wa jua. Wengi ni akina bibi, wengi hawajui kusoma. Wanafundishwa kwa rangi, kwa ishara na kwa kurudia. Baadaye kikafunguliwa kituo kama hicho Kibokwa, Kaskazini Unguja.

Kwa nini akina bibi? Maelezo ya Roy ni rahisi: kijana ukimpa cheti, anakwenda nacho mjini. Bibi anarudi kwa wajukuu wake. Taa ikizimika usiku, mwenye kujua kuiwasha yuko nyumba ya tatu.

Angalia jinsi mambo yalivyogeuzwa hapo. Mgeni hakuja kijijini na ujuzi kisha akaondoka nao. Mwanakijiji ndiye aliyeondoka, na ujuzi ukarudi naye.

Watoto si mapambo ya picha

Kuna jambo ambalo lazima niliseme, kwa kuwa lilitokea kwenye familia yetu.

Kundi lile la mwaka 2011 lilipiga picha nyingi. Miaka mitatu baadaye ndugu yangu aliyeko ng'ambo alituma kiungo cha intaneti: "Huyu si mtoto wa kaka?" Alikuwa yeye. Kamasi puani, shati limetatuka, amesimama mbele ya tangi. Maandishi ya chini yalisema ni yatima, na kwamba msomaji anaweza kumsaidia kwa kuchangia. Siku ile picha inapigwa, mama yake alikuwa mnadani anauza tangawizi, na baba yake alikuwa shamba.

Tuliandika barua pepe mara mbili. Picha iliondolewa bila neno la pole. Kijana huyo leo ni fundi pikipiki, ana mke na mtoto. Ukimkumbusha, hacheki.

Kwa hiyo mwanao akikwambia anakwenda kujitolea kwenye kituo cha watoto yatima kwa wiki mbili tatu, simama hapo. Shirika la Save the Children lilieleza mwaka 2009 kwamba angalau watoto wanne kati ya watano wanaoishi kwenye vituo vya aina hiyo duniani wana mzazi mmoja aliye hai. Pale wageni wanapolipa ili kuwaona yatima, kuna watu watahakikisha yatima hawapungui. Australia, katika sheria yake ya mwaka 2018 dhidi ya utumwa wa kisasa, imeyatambua madhara ya biashara hii. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizitaka nchi zichukue hatua dhidi ya madhara ya programu za kujitolea katika vituo vya yatima, ikiwemo zile zinazoendana na utalii.

Hata pale ambapo kila kitu ni halali, mtoto anayezoea mtu kisha akaachwa, akazoea mwingine akaachwa tena, anaumia. Sisi wazazi tunalijua hilo hata kwa dada wa kazi anayeondoka nyumbani. Basi na tulikumbuke kwa watoto wa wenzetu.

Pesa, karatasi na usalama

Tukija kwenye mambo ya vitendo, haya ndiyo niliyojifunza nikimsindikiza binti yangu ofisi hadi ofisi.

Kwanza, si kila programu inamtoza kijana. UNV haitozi ada ya maombi, na anayechaguliwa hupewa posho ya kujikimu na bima. Mipango kadhaa ya serikali na mashirika yenye sifa hulipa tiketi, malazi na posho ndogo. Programu inayotoza si lazima iwe ya kitapeli, lakini iombe mchanganuo kwa maandishi: kiasi gani kinafika kijijini, kiasi gani kinabaki ofisini. Wakishindwa kujibu, umeshapata jibu.

Pili, soma mkataba pamoja na mwanao. Uwe na jina la kijiji, kazi yenyewe, muda, msimamizi wake wa huko na namba yake, nani anagharamia bima ya afya, na nani atamrudisha nyumbani akiugua au mambo yakiharibika.

Tatu, viza na kibali viendane na kazi. Hapa kwetu mgeni anayekuja kujitolea kwa muda mrefu anatakiwa kuwa na kibali cha ukaazi daraja C, viza ya utalii haitoshi. Nchi nyingine nazo zina taratibu zake. Mtu akimwambia mwanao "ingia tu kama mtalii, tutamalizana huko huko", asipande ndege hiyo.

Nne, pasipoti haishikwi na mtu mwingine. Tuna Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008, na ilitungwa kwa sababu. Maneno kama "kujitolea", "mafunzo" na "ufadhili" yamewahi kutumika kuwapeleka vijana kwenye kazi za utumwa. Mwanao abaki na nakala ya karatasi zake kwenye simu, nawe ubaki nazo, pamoja na namba ya ubalozi wetu. Kubalianeni siku ya kupigiana simu, na neno moja ambalo akilitaja utajua hayuko salama.

Tano, chanjo na kadi ya homa ya manjano. Msisubiri wiki ya safari.

Na kama ni wewe unayepokea mgeni nyumbani au shuleni kijijini, usione haya kumuuliza yale maswali ya bibi. Ukarimu wetu mara nyingi hutufanya tuseme "karibu" hata pale tulipotakiwa kusema "subiri kwanza". Serikali ya kijiji ina haki ya kujua nani anakuja, kufanya nini, na fundi gani wa kijiji atashirikishwa tangu siku ya kwanza. Picha ya mtoto wako haipigwi bila ruhusa yako.

Mchele na chumvi

Binti yangu hakwenda Asia. Aliandika barua kwa wale watu akiuliza maswali matatu. Walimjibu kwa kumtumia tena bei, safari hii na punguzo.

Alikaa nyumbani miezi minne zaidi, na sitakudanganya, ilikuwa miezi migumu. Kuna usiku nilimsikia analia chumbani nikajiuliza kama nimemkosesha bahati. Baba yake naye, ambaye ndiye aliyepinga, alianza kusema labda tungekopa tu.

Kisha likaja tangazo la mpango wa kubadilishana vijana. Kikundi cha wanawake wakulima katikati ya Malawi kilikuwa kinatafuta mtu wa kukaa nao mwaka mmoja. Shida yao ilikuwa moja, na walikuwa wameiandika wenyewe: mahindi yanaliwa ghalani na dumuzi, yule mdudu ambaye huku wengine wanamwita skania. Binti yangu alifanya utafiti wake wa chuo juu ya uhifadhi wa nafaka. Mifuko isiyopitisha hewa, kukausha mahindi vizuri kabla ya kufunga, kumkosesha mdudu pumzi badala ya kumpulizia sumu. Hicho ndicho kitu kimoja anachokijua vizuri.

Nani amekuita? Wanawake wale. Unajua kufanya nini? Hilo. Ukiondoka, anabaki nani? Aliniambia kabla ya kupanda basi: "Mama, nikikaa mwaka mzima halafu bado wananiita mimi kufunga mifuko, nitakuwa nimeshindwa."

Sasa ana miezi mitano huko. Si kila kitu ni kizuri. Posho ni ndogo, aliugua malaria mwezi wa pili, na wiki za mwanzo wanakikundi walimwona mtoto mdogo asiye na mume, atawaambia nini kuhusu ghala? Mifuko mingine ilitobolewa na panya, ikabidi waanze upya. Lakini mwezi uliopita kikundi kilialikwa kijiji cha jirani kuonyesha kazi. Wanawake wawili ndio waliosimama kueleza. Yeye alikaa nyuma, akashika mtoto wa mmoja wao.

Nilimpigia bibi yake kumpa habari hizo. Alisikiliza, kisha akataka kujua jambo moja tu: ameshajua kuomba chumvi kwa lugha yao?

Ameshajua, na kwa njia ya aibu. Wiki ya kwanza alikwenda kwa jirani kuazima mchele, akaujaribu kwa matamshi aliyowasikia wao. Akaletewa chumvi, kikombe kizima. Kumbe kwa Kichewa *mchere* ndiyo chumvi. Jirani alicheka hadi akakaa chini, na tangu siku ile humwita mwanangu.